Umeme Mtamu

Kinyozi ana bahati moja ambayo hata waziri hana: mtu akishakaa mbele yake hawezi kuondoka mazungumzo yakiwa katikati. Kwa bahati hiyo nimesikia siasa za kila aina, na nyingine nimezichangia mwenyewe, maana mdomo wangu haukuumbwa na kifungo. Sharti langu ni moja tu: wembe ukifika shingoni, ubishi unasimama. Wateja wote wanalikubali, hata wale wasiokubaliana juu ya kitu kingine chochote duniani.

Chumba ninachonyolea kilikuwa sebule ya mama mkwe wangu. Nilipokwenda kumposa binti yake nilikuwa nanyoa kwenye baraza za watu, leo kwa huyu, kesho nafukuzwa kwa yule, mali yangu yote ikiwa mkasi, kioo chenye ufa na maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, jambo ambalo si rahisi, kisha akasema sebule yake haina kazi, wageni wake ni wachache na wanaweza kukaa jikoni. Kesho yake akatoa makochi nje, nami nikaingiza kiti changu. Hakunidai kodi, wala hakuwahi kunikumbusha, hata siku zile nilizojiona mkubwa. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Mimi sikumpiga teke, lakini nilizoea, na kuzoea nako ni namna ya kusahau.

Maisha yake yote alikuwa mshonaji wa midomo ya mifuko katika kiwanda cha saruji kilicho ng'ambo ya reli. Mfuko unajaa, unapita mbele yako, unaushona, unakuja mwingine. Vumbi lilimfuata hadi nyumbani. Mke wangu anasema walipokuwa wadogo walimpangusa kope kwanza ndipo wakamwamkia. Kwa mshahara huo aliwasomesha watoto wake wote na kuijenga nyumba hii tunayoishi. Kiwanda kilimlisha, kisha kikaanza kumla. Alipostaafu alianza kukohoa, na kikohozi kilipokataa kuondoka, hospitali wakatuambia mapafu yamechoka na kwamba atahitaji kusaidiwa kupumua.

Msaada wenyewe ni mtambo wa hewa, kasha la magurudumu lenye kimo cha meza ya chai. Unavuta hewa ya chumbani, unaichuja, halafu unampelekea oksijeni kupitia mpira mwembamba unaozunguka masikio na kuishia puani. Unaunguruma taratibu kama friji. Tuliambiwa uwashwe mchana na usiku, uzimwe kidogo tu anapokwenda kuoga. Tuliuweka chumbani kwake, nyuma tu ya ukuta wa mbao unaotenganisha kitanda chake na kiti changu cha kunyolea.

Taabu ilikuwa waya. Waya unaotuletea umeme kutoka kwenye nguzo ni mwembamba na wa zamani, nao haukutarajia makuu. Mtambo ukiwaka, mashine yangu ya kunyolea hulegea mkononi, sauti yake ikawa nzito, na meno yake badala ya kukata nywele yakawa yanazivuta. Wateja walikuwa wakiruka kwenye kiti. Zile mashine za kuchaji nilizijaribu, zote zikafa mapema. Mimi ni mtu wa waya. Kwa hiyo nilinyoa polepole na kuomba radhi haraka, na maisha yakaenda.

Ndipo ikaja Sheria ya Moshi.

Muswada ulisema kila kiwanda kinachotoa moshi kifunge vichujio kwenye mabomba yake, na kilipe tozo kwa kila tani ya uchafu inayokwenda angani. Hapo wengi walipiga makofi. Kisha ikajulikana kwamba kituo kinachotuzalishia umeme nacho kinachoma makaa ya mawe, nacho kina bomba, nacho kitalipa. Na kituo hakina pesa nyingine ila zile zinazotoka kwenye mita zetu. Makofi yakapungua. Bunge likajadili, redio ikarusha, nami nikaifungulia redio sauti hadi mwisho kwa sababu watu walikuja kusikiliza, hata wasiokuwa na nywele.

Vinara wa benchi langu walikuwa wawili. Wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma ambaye karakana yake iko mkabala na sisi, tunamwita Cheche. Umeme ndio mkate wake. Wa pili ni nesi wa zahanati, mwanamume mwenye ndevu za kutunzwa kila wiki. Huyo tunamwita Sindano.

"Mimi sikatai hewa safi," Cheche alikuwa akisema. "Lakini hewa safi haichomelei geti. Umeme ukipanda, geti litapanda, na wewe Sindano utakuwa wa kwanza kuniita mwizi."

"Utakuwa mwizi wa pili. Wa kwanza ni huyo anayekuuzia umeme rahisi, halafu mimi nakupokea zahanati unakohoa."

"Mimi sikohoi."

"Bado. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta nitaujenga kwa saruji ya kiwanda hichohicho mnachotaka kukifunga."

"Nani kasema kifungwe? Wamesema kichujwe."

"Kichujwe kwa pesa ya nani?"

Hapo watu hucheka, redio hupiga kelele, na mimi humwambia Cheche atulie nisije nikamtoa sikio. Mimi mwenyewe sikuwa na upande. Nyuma ya ukuta nilikuwa na mama mkwe ambaye moshi ulimuumiza na umeme ulimweka hai. Sasa mtu wa namna hiyo achague nini? Nilikubaliana na kila mtu, ikitegemea nani yuko kitini.

Katikati ya mjadala huo mashine yangu ikapata nguvu.

Sikuelewa sababu, nilifurahia tu. Ilikuwa imelegea kama kawaida, halafu ghafla ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, ile sauti yake ya ujana, ikateleza kichwani mwa mteja pasipo kung'ata hata unywele mmoja. Siku iliyofuata hivyohivyo. Wateja wakiwa wachache ililegea, wakijaa ikapata nguvu, nami nikaona hiyo ni baraka, kwamba Mungu anaijua saa ya riziki yangu. Waliokuwa wamenikimbia wakarudi. Nikaanza kuusifu umeme. "Umeme siku hizi mtamu," nilikuwa nikisema, kwa kila mtu, mpaka likawa neno la mtaa.

Cheche akalidaka. "Mnamsikia Kinyozi? Umeme umetulia. Kituo kinafanya kazi yake vizuri. Sasa ndio mnataka kukitwisha tozo?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Sindano akajibu. "Mwambieni Kinyozi apunguze sifa, watatuzimia kesho."

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa matamu. Mke wangu ni mpishi wa shule. Huondoka alfajiri na kurudi alasiri. Akaanza kuniambia, "Mama amepauka. Jana nimemkuta anahema kama aliyepanda mlima, na hajatoka kitandani." Lakini mimi kila nilipoingia kumjulia hali nilimkuta ameketi wima, mpira puani, mtambo unaunguruma, anatabasamu.

"Sijambo, baba," alikuwa akisema. "Nenda kazini, watu wanakusubiri."

Nikamweleza Sindano. Akatikisa kichwa. "Si nimesema? Ni moshi huo. Kiwanda siku hizi kinafungulia kupita kiasi." Naye tangu hapo akamwingiza mama mkwe wangu katika hoja zake, kwamba mtaani kwetu kuna mzee anazidiwa huku Bunge linapiga domo.

Basi tukawa hivyo. Upande mmoja ulishinda ubishi kwa mashine yangu, upande wa pili ukashinda kwa mama mkwe wangu, na mimi katikati, nanyoa.

Siku moja kabla ya kura akaja Mheshimiwa. Ndiye mbunge wetu, na alikulia mitaa hii. Nimemnyoa tangu nywele zake zikianzia karibu na nyusi, sasa zimerudi nyuma kwa heshima. Alitaka kuwasikiliza wananchi, na alitaka kichwa kiwe safi kwa ajili ya kamera. Nikaizima redio. Mgeni akija na maneno yake si adabu kumshindanisha na sanduku.

Benchi likajaa, wengine wakasimama mlangoni. Nikamfunga shuka shingoni, nikaanza upande wa kulia. Mashine ilikuwa imelegea siku hiyo. Ilimvuta, akakunja uso, nikaomba radhi.

"Nimekuja kusikiliza," alisema, halafu akazungumza yeye. Kwa kweli aliwapa nafasi: Cheche akamweleza habari ya mageti, Sindano akamweleza habari ya vifua, kila mmoja akamkatiza mwenzake, nami nikageuza kichwa cha Mheshimiwa huku na huku kama mwenye kichwa chake. Mwishowe akainua mkono chini ya shuka.

"Moshi hakuna anayeupenda," alisema. "Mimi nasimama na mtu wa chini. Umeme ukipanda, kila nyumba itakaa na kuulizana, tuzime nini? Pasi? Friji? Taa? Kila nyumba itatafuta cha kuzima. Mimi siwezi kupiga kura ya kumfanya mwananchi wangu atafute cha kuzima."

Benchi likaguna kwa kuridhika. Yalikuwa maneno mazuri, lazima niseme, na hata Sindano alianza kutafuta jibu ndevuni.

Hapo mashine ikapata nguvu mkononi mwangu.

"Mnaisikia hiyo?" Cheche akasema, akiinyooshea kidole. "Mheshimiwa, huo ndio umeme wetu. Usiuguse."

Mheshimiwa akacheka. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mtamu. Lakini redio ilikuwa imezimwa. Tangu mjadala uanze chumba changu hakikuwahi kukosa redio wateja wakiwa wamejaa, na sasa watu walikuwa wametulia wakimtazama mgeni wao, na katika utulivu ule niliisikia mashine yangu ikilia peke yake. Nyuma ya ukuta hapakuwa na sauti yoyote. Ule muungurumo wa friji haukuwepo.

Sijui kama niliwaza au miguu iliwaza kabla yangu. Niliiacha mashine ikining'inia kwa waya wake, ikilia hewani, nikapita juu ya magoti ya watu na kusukuma mlango.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya mapaja, mabega yakipanda na kushuka kwa kazi kubwa. Mpira ulikuwa puani kama kawaida. Mkono mmoja ulikuwa bado karibu na swichi ya mtambo. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau, na aliponiona, macho yake yalikuwa ya mtu aliyefumaniwa. Alitaka kusema kitu, pumzi ikakataa.

Nikauwasha mtambo. Nikamwita Sindano, na kumbe alikwisha kuwa nyuma yangu. Akitoka kwenye benchi, Sindano ni mtu mwingine kabisa. Alipiga goti, akazitazama kucha za mama mkwe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usivute kwanza. Toa. Toa polepole, kama unapoza chai." Akawa anapuliza naye, wakapoza chai wawili. Akasema anahitaji mtu wa kumshikilia mgongo ukae wima, na kabla sijasogea Cheche alikuwa ameshapanda kitandani na viatu vyake, ameketi nyuma yake, amemwegemeza kifuani. Ile mikono yenye makovu ya moto ilimshika mabega kana kwamba yatavunjika. Mimi nilisimama na brashi ya nywele mkononi, sina faida yoyote. Sikumbuki kama nimewahi kuogopa vile. Nilikuwa nikisema "Mama, Mama," basi.

Rangi ilirudi kidogokidogo. Mabega yakaacha kupigana. Akafumbua macho vizuri, akaona fundi vyuma yuko kitandani kwake, nesi yuko sakafuni, na mlangoni amesimama mbunge mwenye shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele. Akavuta leso yake, akajifunika kichwa.

"Kumbe nina wageni," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi."

Cheche akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Baadaye alidai ni nywele za sakafuni kwangu zilizomwingia machoni.

"Kwa nini, Mama?" nikamuuliza. "Umekuwa ukiuzima?"

Hakunitazama. Aliutazama mtambo. "Wateja wakijaa tu. Nilisikia mashine yako inalalamika, na wateja wanalalamika. Siku moja nilipokwenda kuoga nikauzima, nikasikia imepona. Basi. Nikisikia redio imezimwa na viatu vyako vinakuja, nawasha." Akapumzika, akapoza chai yake mara mbili. "Halafu kila siku wanasema umeme utapanda. Na nyinyi hapo nje mnapiga hesabu ya cha kuzima. Nikajiuliza, katika nyumba hii ni kitu gani kinakula umeme na hakileti chochote? Nikaona ni mimi."

Mheshimiwa aliangalia sakafu. Cheche alifumba macho, akaegemeza kidevu juu ya leso ya Mama. Mimi nikakumbuka kila mara niliyosema umeme mtamu, kwa sauti, karibu na ukuta ule wa mbao, na yeye yuko upande wa pili ananisikia nikifurahi, ameinama hivyo.

Mimi ni mtu wa maneno, lakini siku ile nilikuwa na machache. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, chumba ninachonyolea ni chako," nilisema. "Mke wangu ni wako. Nyumba hii umeishona mfuko kwa mfuko. Sikuwahi kukushukuru sawasawa, na leo nakushukuru mbele ya watu hawa. Lakini pumzi yako siipokei. Hiyo kaa nayo."

"Inuka," akasema. "Suruali itachafuka." Akanishika kichwa, akakaa nacho kidogo, kisha akanisukuma.

Mheshimiwa akasogea. "Mama," akauliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, "kesho nipige kura gani?"

"Mimi sheria zenu sizijui, baba. Ila nenda ukamaliziwe kichwa. Ukienda Bungeni hivyo watasema mtaani kwetu hakuna kinyozi."

Nikammalizia kwa mashine iliyolegea. Ilimvuta nywele upande mzima wa kushoto, na nilipotaka kuomba radhi akasema, "Iache ivute." Sindano alibaki chumbani kwa mama mkwe mpaka mke wangu aliporudi. Mke wangu aliposimuliwa aliketi chini mlangoni, akalia, kisha akanigombeza mpaka majirani wakajua, na alikuwa na haki. Halafu akaingia kwa mama yake, naye akagombezwa pia. Mwisho akawapikia wote waliokuwepo, Cheche na Sindano wakala sahani moja, na hilo nalo liandikwe.

Kesho yake redio tuliihamishia chumbani kwa mama mkwe, sauti ndogo, ili mtambo usikike. Tulijazana humo. Mheshimiwa aliposimama hakuanza na takwimu kama wenzake.

"Jana nilisema sitaki mwananchi wangu atafute cha kuzima," alisema. "Niliyasema hayo nikiwa kitini nanyolewa. Nyuma ya ukuta mwananchi alikuwa ameshakitafuta, na amekipata, na alichokizima ni pumzi yake mwenyewe. Umeme ni rahisi leo, moshi ni wa bure leo, na bado amezima. Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba tukiiacha sheria hii tutakuwa tumemlinda."

Akaomba kiongezwe kifungu: tozo ya moshi, kabla haijakwenda popote, ilipie kwanza umeme wa nyumba zenye mtu anayeishi kwa mtambo, na kaya ndogo zisipandishiwe bei kwa uniti zile za mwanzo wa mwezi. Wengine walimzomea, wengine walimuuliza pesa zitatosha vipi. Alijibu alichoweza kujibu. Walibishana hadi jioni, kifungu kikapita, kisha sheria ikapita kwa kura chache. Mama mkwe alikuwa amelala. Cheche alisikiliza matokeo hadi mwisho, akavaa viatu vyake alivyoviacha mlangoni safari hii, akasema, "Geti litapanda, nawaambia," akaenda zake.

Na lilipanda, sitadanganya. Umeme wa karakana yake umekuwa ghali, ameongeza bei, na Sindano amemwita mwizi kama walivyoahidiana. Kiwanda kimefunga kichujio kwenye bomba moja, la pili bado wanatoa ahadi. Nguo zilizoanikwa upande wa reli hazirudi tena na vumbi lote lile, ila upepo ukigeuka bado tunafunga madirisha. Ubishi benchini kwangu haujaisha. Lakini nyumba kadhaa za mitaa hii zina mitambo kama wetu, sikuwahi kujua kabla, na wenye nyumba hizo hunisalimia njiani kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kitu. Nami nawaambia wakamshukuru mwenye nyumba yangu.

Cheche alikuja na msumeno, akakata dirisha katika ukuta wa mbao, ili mimi nimwone mama mkwe na yeye alione benchi. Hakutaka ujira. Sasa mama anachangia. Hajali wembe uko wapi, sharti langu la shingoni halimhusu, na ana maoni makali juu ya wabunge wanaovaa miwani ya jua ndani ya jengo. Siku nyingine Cheche akaja na waya mnene kama kidole, amejitolea kuubadilisha ule wa nguzo mpaka nyumbani, akishaongea na watu wa umeme.

"Mashine yako haitalegea tena," alisema. "Mtambo uwake, pasi iwake, wewe nyoa tu."

Nilimshukuru, nikamwambia auweke kwanza.

"Kwa nini? Nywele za watu zinang'olewa."

"Ikilegea najua anapumua," nilimwambia.

Aliuviringisha waya wake na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Upo pale. Amesema siku nitakayopata akili nimwite.

Juzi mvua ilinyesha asubuhi yote, hakuna mteja aliyekuja. Nilikuwa nafagia nikasikia mlango wa ndani. Mama mkwe alitoka akitembea polepole, mpira mrefu ukimfuata kutoka chumbani, akaja hadi kwenye kiti changu, akaketi. Akaitoa leso.

"Mpira huu unanasa nywele nyuma ya masikio," alisema. "Ninyoe."

Sikuwahi kumgusa kichwa. Mkwe ni mkwe. Nikamuuliza kama si vizuri tumngoje binti yake.

"Binti yangu anajua kupika. Kinyozi ni wewe."

Nikachagua shuka safi kuliko zote, nikamfunga. Nywele zake ni nyeupe, laini, na kweli zilikuwa zimejisokota kwenye mpira. Nikazifungua kwa vidole kwanza, unywele mmoja mmoja. Nikawasha mashine, ikalegea mkononi, sauti nzito. Nikaanza juu ya sikio, taratibu.

"Inakuvuta, Mama?"

"Inavuta. Endelea."

"Kwa mwendo huu tutakaa sana."

"Una mteja?"

"Sina."

"Basi."

Nikaendelea. Alisinzia kabla sijafika kisogoni. Nikamshika shavu kwa mkono mmoja, kichwa kisianguke, na kwa mkono wa pili nikaendelea kunyoa.